Kwa Wanaoniuliza Watakula Wapi Wakifika Brussels

Tangu nirudi kutoka Ulaya, kila mtu wa kanisani kwetu anayepata viza huja kuniuliza mahali pa kula. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja anayesuka nywele katikati ya mji. Anakwenda Brussels kwenye harusi ya binamu yake. Alikuwa na simu mkononi, tayari kuandika. "Mama, kule tunakulaka fasi gani?" Nilimwambia abebe mkate. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo.

Mimi ni mpishi. Nina chumba kimoja Clairwood, hapa Durban, nyuma ya gereji ya matairi, pale malori yanapopanga foleni kwenda bandarini. Nina meza sita na sufuria nne, na kinachoiva ni bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharage, samaki wa kukaanga na nyama siku ya Ijumaa. Wanaokula kwangu ni madereva wa Lubumbashi, Lusaka na Dar es Salaam, watu waliokaa barabarani siku tisa na hawana subira na chakula kibaya. Nasema haya ili ijulikane kwamba ninapodharau sahani ya mtu, si wivu wala ushamba. Ni kazi yangu.

Chumba hicho nilikifungua na ndugu yangu mkubwa. Sisi ni watu wa Uvira, na kwetu ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume, huitwa yaya. Yaya ndiye aliyekuwa mpishi. Alikuwa akionja mchuzi wa mtu mara moja tu na kumwambia kwamba kitunguu kiliingia kabla mafuta hayajashika moto, na mtu anabaki mdomo wazi kwa sababu ni kweli. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata, kuosha, kupakua, na kugombana na wateja. Kisha akaoa mwanamke mwenye karatasi za Ubelgiji, akaenda zake. Mimi nikashika mwiko.

Hiyo ni miaka sita. Mwanzoni madereva waliuliza kila siku, "Yule kaka yuko wapi?" Halafu wakaacha kuuliza. Halafu wengine wakaacha kuja. Mama mmoja wa Kizambia alifungua chumba chake karibu na robot, zile taa za barabarani, hatua mia tu kutoka kwangu, na mchana nilikuwa naona wateja wangu wamesimama kwake juani, wakingoja viti. Kwangu viti vilikuwepo. Kwa hiyo msidhani nilikwenda Ulaya kutembea. Nilikwenda kumrudisha yaya nyumbani, apike, maana bila yeye nilikuwa nafunga duka.

Nilipanga siku kumi. Nilibeba majani ya sombe yaliyokaushwa, dagaa, na chupa ya mawese niliyoifunga kwa mifuko mitano. Yaya alinipokea uwanja wa ndege. Alikuwa amekonda. Nyumbani wifi alikuwa ametuchemshia chai. Ni mwanamke mtaratibu, anauguza wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mikono yake ina harufu ya sabuni ya hospitali. Nikafungua begi, nikapanga vitu vyangu juu ya meza ya jikoni. Yaya akachukua ile chupa ya mawese, akaitazama, akaiweka kabatini, akafunga mlango. Akaniambia, "Vaa koti, tunaenda kula."

Kwetu mgeni hatolewi nje kwenda kula siku ya kwanza. Hata kama ndani hamna kitu, mtu atakwenda kwa jirani kuomba unga, lakini moto utawashwa. Kumpeleka mgeni hotelini ni kumwambia kwamba jiko la nyumba hii halikuhusu. Nilitazama lile jiko lao. Lilikuwa safi mno, hata harufu ya kitunguu hakuna. Nikasema moyoni, sawa, ndugu yangu ameshakuwa Mbelgiji. Nikavaa koti, na tangu dakika hiyo nilikuwa na hasira.

Basi nianze na mtaa ule wa watalii, karibu na uwanja wao mkubwa wenye majengo ya dhahabu. Ukifika Brussels kila mtu atakupeleka huko. Wahudumu wamesimama mlangoni wanavuta watu kwa mkono, kama vijana wa kituo cha teksi za Warwick, ila hawa wamevaa tai. Wanakuletea kisufuria cheusi kimejaa kome. Kome! Vitu vya kukwangua kwenye mawe ya pwani pale Bluff, kwetu Durban, ambavyo wavuvi huvitumia kama chambo. Unakula kimoja kimoja kwa vidole, na maganda unayajaza kwenye mfuniko, na ukimaliza umeshiba maganda tu.

Yaya hakuwa anatazama sahani yake. Alikuwa ananitazama mimi.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Maji ya bahari," nikasema.

"Na ndani ya ile maji? Kuko kitu gani?"

"Kuko bahari, yaya. Unataka kuwe nini?"

Akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Niliona anataka nimsifie Ulaya yake. Nikaapa kwamba hatapata sifa kwangu, hata punje. Niliona mambo hivi: nikisifu kijiko kimoja tu, nimempa sababu ya kubaki. Kila sahani mbaya ilikuwa hatua moja kuelekea Durban.

Nikamwuliza siku hiyo hiyo, "Yaya, unarudi lini? Watu wanakungoja."

"Tutaona," akasema. "Kula kwanza."

Siku ya pili, chipsi. Wabelgiji wanaamini kwamba wao ndio waliovumbua viazi vya kukaanga, na wanasimama kwenye mvua, watu wazima wenye mikoba ya ofisini, wakila chipsi kwenye karatasi na kuzimwagia mayai na mafuta yaliyopigwa. Wanasimama kwa sababu hakuna kiti. Nimekula chipsi za siki kule Jacobs, jirani na Clairwood, kwenye kidirisha cha Mhindi mmoja mbele ya kiwanda, na hazikuwa na sifa hizo zote, na nilikaa. Yaya akauliza tena: "Iko namna gani? Mafuta iko ya zamani ao mpya? Nje inavunjika?" Nikamwambia ni viazi. Kiazi ni kiazi.

Siku ya tatu alinipeleka mahali penye vitambaa vyeupe, akaagiza mkate, na juu ya mkate nyama ya ng'ombe iliyosagwa. Mbichi. Nilidhani wamesahau. Nikamwita mhudumu arudishe jikoni, na yule kijana akanieleza kwa upole wa kumwelezea mtoto kwamba ndivyo inavyoliwa. Nilizaliwa kwenye vita, nimelala porini, nimekula mihogo isiyoiva, lakini nyama mbichi hatukula, maana hata mkimbizi ana moto. Wanaita hiki chakula cha kistaarabu. Sikugusa. Yaya alikula chake chote, polepole, bila kubadilisha uso, na mimi nikamdharau kwa hilo pia.

Tukaenda Paris kwa basi. Wanaoniuliza habari za Paris huuliza huku macho yanang'aa. Nawaambia hivi. Kahawa yao inakuja kwenye kikombe cha kuchezea watoto. Viti vyote vimegeuzwa kutazama barabara, watu wamekaa mmoja nyuma ya mwingine wakitazama wapita njia, na wapita njia wakiwatazama wao. Ukimaliza yale matone, umekwisha. Ukiomba maji, mhudumu anakuuliza ya gesi au yasiyo na gesi, na ukisema ya bomba anakuangalia kuanzia kwenye viatu. Mhudumu wa Paris ana dharau, lakini ni dharau ya kivivu, haijui inadharau nini. Mimi nikidharau, najua.

Pale pia yaya aliuliza. "Ile kahawa inachoma mbele ya ulimi ao nyuma? Inabakisha kitu?" Nilichoka. Nikamwambia, "Yaya, we njo umeishi huku, sio mimi. Kunywa uone." Akakizungusha kikombe kwenye kisahani, akakitazama mpaka basi likaja.

Kuna watu watakwambia, basi nenda Matonge, kule kwa Wakongo wa Brussels, utakula chakula cha nyumbani. Nilikwenda. Muziki juu, wanaume wamevaa suti za rangi ya embe, na sombe imetolewa kwenye mfuko wa barafu, ikapashwa kwa dakika mbili, katikati bado ya baridi. Samaki mdogo kama kandambili ya mtoto. Mwenye mahali alikuja mwenyewe mezani kutuuliza kama tumefurahi, na nilimwambia ukweli wote, kwa sauti, mpaka meza ya jirani wakaacha kula. Huyo alinichukia. Yaya ndiye aliyeniomba tuondoke. Njiani akaniuliza, "Lakini ulisikia nini kwa ile sombe? Karanga iko ndani, ao hapana?" Nikamjibu kwamba ilikuwa takataka, na takataka haina karanga.

Siku ya nane tulikwenda Antwerp. Nitaieleza hii vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipotenda dhambi. Palikuwa mahali pa kawaida tu, mbao kuukuu, wazee wawili wanasoma magazeti. Kikaja chungu cha nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa bia nyeusi. Mimi ni mtu wa kanisa, sinywi. Nikaonja kwa ncha ya uma, ili nipate cha kusema. Nikaonja tena. Walikuwa wameiacha nyama motoni asubuhi nzima. Walikuwa wamekiweka kipande cha mkate kilichopakwa haradali juu ya ile nyama, kikayeyuka humo chote, kikaufanya mchuzi uwe mzito bila unga. Kitunguu kilikuwa kimekaangwa mpaka kikawa karibu sukari, halafu uchungu wa ile bia ukaja nyuma yake, ukaishika ile sukari isikimbie. Nilijua kila kitu kilichokuwemo. Nilikula yote.

"Iko namna gani?" yaya akauliza. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko mezani.

"Nyama ya walevi," nikasema.

Akaegemea nyuma. Nakumbuka alitazama nje kwa muda, palikuwa na mtu anasafisha dirisha ng'ambo ya barabara. Nikamwuliza, "Na Durban, yaya?" Akamwita mhudumu alete hesabu.

Siku ya mwisho niligoma. Aliposema nivae koti, nilikaa kwenye kiti cha jikoni na kumwambia sitoki. "Siku kumi umenilisha mikononi mwa watu kama mtu asiye na ndugu. Nilikuletea sombe, nilikuletea dagaa. Leo utanipikia." Wifi alikuwa nyumbani siku hiyo. Akamtazama mumewe, akafungua mdomo, akaufunga. Yaya akasimama katikati ya jiko muda mrefu. Halafu akatoa ile chupa ya mawese kabatini.

Nilifurahi kuona mikono yake. Haikuwa imesahau. Kitunguu kililala vipande vyembamba, sawasawa, bila yeye kutazama. Alisikiliza mafuta kama zamani, kichwa amekiinamisha upande. Nilianza kuona wateja wangu wanarudi, mmoja mmoja, kutoka kwa yule Mzambia. Akatia chumvi. Akaenda kuchota maji, akarudi, akatia chumvi tena. Niliona. Nikajiambia huyu anajua anachofanya kuliko mimi.

Tukaketi watu watatu. Tonge la kwanza lilinichoma koo. Ilikuwa chumvi tupu, chakula cha kumpa adui. Wifi alimeza lake, akajifuta vidole taratibu, akanywa maji. Yaya alikuwa anakula. Akala la pili, la tatu, anatafuna vizuri, ananitazama kwa matumaini.

"Iko namna gani?"

Nilisukuma sahani. "Ulaya imekuharibu," nikamwambia. "Hata chumvi imekushinda. Hii unampa nani? Mbwa hatakula hii."

Wifi akasema, "Mwambie. Mwambie sasa, inatosha."

Akanawa mikono kwanza. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Tangu ile mwaka ya corona, mi sisikiake kitu mu kinywa. Chumvi, sukari, pilipili, yote iko maji. Docteur alisema itarudi. Haikurudi. Saa hii natumika ku jiko ya masomo, kule watoto wa shule wanakulaka, nakata karoti. Kukata, hakuombake ulimi."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Ningesema nini kingine?

"Ningekuambia nini? Kama niko mpishi, na siko mpishi?" Akatazama ile sombe. "Kila siku nilikuwa nakuuliza, iko namna gani. We ulifikiri nauliza juu ya nini?"

"Kujisifu," nikasema. "Juu ya hii Ulaya yenu."

"Nilikuwa naangalia kama utaniambia. Nilisema, mdogo wangu ataonja, mi nitapika. Akinieleza muzuri kile kiko mu sahani, basi nitarudi naye Durban, tutafanya vile. Mikono iko, masikio iko. Ilikuwa inabakia kinywa tu." Akahesabu kwa vidole, hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. "Maji ya bahari. Kiazi ni kiazi. Takataka. Nyama ya walevi. Siku kumi, mama, hukunipa hata kitu kimoja cha kupikia."

"Ilikuwa mubaya, yaya."

"Ile ya Antwerp, ulipangusa sahani na mkate. Nilikuona."

Nilitaka kumwambia pale pale yote niliyoyajua ya ile nyama, mkate, haradali, kitunguu, uchungu wa bia ulivyokuja nyuma. Yote yalikuwa mdomoni mwangu. Lakini kuyasema kwa mtu aliyekwisha kukubali kwamba hutayasema ni kama kumletea mgonjwa dawa siku ya matanga. Niliona aibu. Wifi akaziondoa sahani. Jioni ile yaya alinipeleka uwanjani, akanibebea begi mpaka pale wanapozuia watu wasiosafiri, akaniambia nisalimie Clairwood.

Ninaendelea kukidharau chakula cha Ulaya, msinielewe vibaya. Wale kome ni upuuzi, ile nyama mbichi ni upagani, na Matonge siendi tena hata mnilipie. Lakini nimejifunza kwamba nilikuwa nimedharau kwa muda mrefu mno, na kwa mbali mno, na dharau ilikuwa imenisaidia nisitazame mahali fulani.

Wiki tatu baada ya kurudi, mchana, nilimpigia simu. Alikuwa kwenye mapumziko yake. Nilisikia trei zikigongana nyuma yake.

"Yaya, niko mbele ya sufuria. Ni sombe."

Akauliza kama kawaida yake. "Iko namna gani?"

Nilikuwa nimeshaanza kusema nzuri. Neno lilikuwa njiani. Madereva kumi na wawili walikuwa wamekaa, wengi kuliko siku zote za karibuni, wamekwisha kunawa mikono. Nikachota kidogo na mwiko, nikaonja, nikashikilia mdomoni kama alivyokuwa akifanya yeye.

"Imeungua chini," nikasema. "Ule moshi umeingia mu majani. Nimeuficha na pilipili."

"Leo tu?"

"Hapana. Nafanyaka vile."

"Tangu siku gani?"

"Tangu ulienda."

Trei zikagongana huko kwake. Mmoja wa madereva akanigongea meza, akauliza kama leo wanakula au hawali.

"Mwaga," yaya akasema.

Nikaweka simu juu ya friji, nikaishika ile sufuria kwa masikio yake mawili, nikapita nayo katikati ya meza mbele ya macho yao wote, nikaenda kuimwaga.